Pezi la Sibabaiki

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mwaka huu sishiki kasia. Naliandika mapema ili lisije likageuzwa.

Sheria ya klabu yetu ya boti za rimoti ni ya kikatili. Atakayeshika mkia kwenye mbio za kufungua msimu hashindani tena mpaka msimu uishe. Anapewa kiboti cha makasia na jaketi la kuelea, anakaa katikati ya bwawa kuokota boti za wenzake zikizimika au zikipinduka. Msimu uliopita mzigo huo ulimwangukia Kinyozi. Umempa mabega mapana na macho ya mtu aliyeona mengi. Mimi sijui kuogelea. Maji yakinifika magotini naanza kukumbuka watu niliowakosea.

Mbio ni Jumapili. Msimu uliopita nilikuwa wa pili kutoka mwisho, na hiyo ni kwa sababu betri ya Kinyozi ilishika moto.

Bingwa ni shemeji, mume wa dada yangu. Fundi friji. Mimi nakaa kwao, kwa hiyo bingwa namwona kila siku akiwa na soksi tu. Leo mezani kaniuliza kama nimeshapima jaketi. Kasema saizi yangu huenda ikapatikana upande wa nguo za watoto. Dada akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Dada wa tumbo moja!

Wacheke. Nimeligundua tatizo. Sibabaiki (ndilo jina la boti yangu, nimeliandika ubavuni kwa rangi nyekundu) haina ila kwenye mwendo wa kunyooka. Ila iko kwenye kona. Inafika kwenye boya kwa kasi, nakata kulia, mkia unateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni, wenzangu wanapita kwa ndani. Inahitaji pezi jipya. Pezi ni kibati kinachosimama majini nyuma ya boti, upande wa kulia. Kona zetu zote ni za kulia, kwa kuwa tunalizunguka bwawa kama mshale wa saa. Boti ikiinama kukata kona, pezi linang'ata maji, mkia unatulia.

Pezi langu la zamani lina ukubwa wa kijiko cha chai. Jipya litakuwa kubwa kuliko la shemeji. Mara mbili. Tutaona nani atapimwa jaketi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka kabla ya watu wote. Meza ya jikoni yote yangu.

Kazi safi! Pezi nimelikata kwenye bati la alumini, nikalipiga tupa, kisha msasa, mpaka likang'aa. Usukani nao sikuuacha. Ukingo wa mbele nimeunoa ukawa mkali, wa nyuma nimeukata wima, kama inavyotakiwa. Waya unaouvuta ulikuwa unacheza, nimekaza nati. Nikapindua boti tumbo juu, mkia ukinielekea, nikatoboa ubao wa nyuma na kulifunga pezi upande wa kulia.

Wenzangu hufunga mapezi yao kwa skrubu mbili tu, ili wakitaka wayavue. Huo ni woga. Mtu anayejiamini anagandisha. Nimetumia skrubu, halafu nikamiminia ile gundi ya vichupa viwili, ambayo ikishakauka haina mjadala.

Upande nimeuhakiki. Mimi ni karani wa masjala; kazi yangu mchana kutwa ni kuhakikisha jalada liko mahali pake. Niliinua mkono ninaoandikia. Pezi lilikuwa upande wa mkono ninaoandikia. Nikainua tena, kwa usalama. Lilikuwa palepale.

Shemeji akaingia kutafuta chai. Akasimama na kikombe, akaitazama boti muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akaniuliza, shemeji, una hakika? Nikamwambia ninayo, tena ya kumgawia. Akasema haya, akapuliza chai yake, akaondoka anatabasamu.

Mbinu hiyo naijua. Kumtia mtu wasiwasi kabla ya mbio. Hanipati!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Baada ya kazi nilikwenda bwawani kuijaribu. Kwenye mwendo wa kunyooka ilikwenda kama imetumwa. Nikafika kwenye boya, nikakata kulia. Sibabaiki ikalala ubavu, ikapinduka, ikabaki tumbo juu huku propela inazunguka hewani, kama mende aliyepuliziwa dawa.

Bahati mbaya. Nikarudia. Mende.

Nikarudia tena. Kinyozi, ambaye zamu yake inaisha Jumapili, ndiye aliyekuwa akiniletea kwa kile kiboti, na kila safari alikuwa mpole zaidi. Safari ya mwisho kaniambia kwa sauti ya chini kwamba kiti cha mbele ni kipana kidogo kuliko cha nyuma, na kwamba nije na kitambaa cha kukalia. Kasema ananiambia kama mdogo wake. 

Kwa hasira nikakata kushoto. Ajabu! Ikageuka imenyooka, imetulia, haikutikisa hata tone. Nikakata kushoto tena. Sijawahi kuona kona kama ile maishani mwangu. Hata shemeji hana kona kama ile.

Nikaitoa majini, nikaishika wima, nikaitazama kwa nyuma. Nikakaa chini kwenye nyasi.

Boti ikiwa tumbo juu, kulia kwake si kulia kwangu. Miaka yote niliyosoma hakuna aliyenieleza jambo hili.

Ningeweza kulihamisha. Lakini gundi imekauka, na shemeji aliniuliza kama nina hakika, nami nikasema ninayo. Nitamtazamaje mezani? Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani, nikapata jibu nilipofika getini. Pezi haliko upande mbaya. Mbio ndizo ziko upande mbaya.

Nani alisema tuzunguke kulia? Kwa idhini ya nani? Kesho kuna mkutano wa klabu. Nitawauliza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kazini nilifanya utafiti. Toroli letu la majalada huzungushwa kwenye rafu kwa kulia, siku zote. Nikalizungusha kwa kushoto ili nipate hoja. Lilikwenda vizuri sana mpaka kona ya pili, ambapo Mkuu wa Masjala alikuwa anakuja kwa kulia. Ni mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukutazamia. Akavaa ya kukutazamia. Akaniuliza nani amenituma kupita huko. Akasema tangu aajiriwe toroli linapita kulia, na mtangulizi wake vilevile. Nikasema samahani mama, nikaokota majalada.

Lakini moyoni nilifurahi. Hapo ndipo ugonjwa ulipo! Watu wanazunguka tu kwa sababu walikuta wenzao wanazunguka.

Jioni, mkutano. Mwenyekiti wetu ni Daktari wa meno, mtu mwema, ila akizungumza nawe haangalii macho, anaangalia mdomo. Nilisimama. Nikaeleza kwamba kona ya mwisho tunaikata tukiwa tumeelekea jua, hatari tupu. Kwamba ndege wametaga kwenye matete ya upande ule. Kwamba klabu inayogeuka upande mmoja tu inapooza fikra. Hapo nilipaza sauti, ikakatika katikati, lakini ilirudi.

Shemeji akainua mkono. Akauliza kwa upole, upole wenye asali, kama hoja hii ina uhusiano wowote na mahali lilipo pezi langu. Ukumbi mzima ukacheka. Mwanachama mmoja akaanguka na kiti chake. Nikajibu kwamba hili ni suala la msingi, si la pezi la mtu.

Ikapigwa kura. Mkono wangu peke yake ulikuwa juu. Niliuacha juu kwa muda zaidi ya uliohitajika.

Daktari akafunga kwa kusema maoni ya kijana wetu yamepokelewa na yatatafakariwa. Mimi ni karani. Yatatafakariwa naijua. Nimeipanga mwenyewe kwenye rafu za chini kabisa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sijashindwa. Nimejipanga upya.

Usingizi ulinikataa. Kila nikifumba macho naona kile kiboti, na mimi ndani yake, na maji pande zote. Kwa hiyo asubuhi nikaamua: pezi linahama. Siri. Nikitokea Jumapili na pezi kulia, wataapa lilikuwa kulia tangu mwanzo, au watadhani wameona vibaya. Mtu akijiamini vya kutosha, wengine huanza kujishuku.

Nimezima simu. Shemeji aliwarekodi wale mende wangu (sikumwona, alikuwa nyuma ya mti), akaipeleka video kwenye kundi la klabu na muziki juu yake. Sina haja ya kuona zaidi.

Jioni nilijifungia stoo. Gundi ilikataa bisibisi, ikakataa kisu, ikanikatalia hata nilipoibembeleza. Nikachukua pasi ya dada, nikaipasha, nikaikandamiza juu ya pezi. Ikalegea! Pezi likatoka pamoja na kipande cha ubao. Nikaziba pengo, nikalifunga pezi upande wa pili, boti ikiwa imekaa wima safari hii. Nikaandika KULIA kwa kalamu nene juu ya ubao, na mshale. Kisha gundi tena, vichupa vyote viwili mpaka vikaisha. Asitokee wa kunishauri kulivua.

Dada amepiga pasi blauzi yake ya kanisani. Imeng'ang'ania kwenye pasi. Nilimsikia akiuliza nyumba nzima, ni nani katika nyumba hii ana akili timamu? Nikazima taa ya stoo. Hakuniuliza mimi moja kwa moja.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Asubuhi nilikwenda bwawani kabla ya mtu yeyote kufika. Nikakata kulia. Ilikata kama wembe! Mkia ulitulia, pezi lilishika, usukani ulijibu hata nilipougusa kidogo tu. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma na boti chini ya koti.

Mchana nilikuwa stoo nanoa ukingo wa pezi, mlango ukagongwa. Shemeji. Shemeji, fungua bwana, nina habari zako nzuri! Habari nzuri za shemeji nazijua. Nikawasha drili. Sikuwa na cha kutoboa, niliiwasha tu. Akapaza sauti. Nikaibonyeza zaidi. Nilisikia neno moja, kushoto, kisha kicheko. Hata aibu hana! Anakuja mpaka mlangoni kunichoma na kushoto yangu. Nikamjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba tutaongea bwawani.

Baadaye akaja dada. Kasema nifungue, mume wake ana jambo la maana na amechoka kuongea na mbao. Nikamwambia ameolewa akahama upande. Akasema sawa mdogo wangu, jipikie. Akaondoka.

Nimekula mkate mkavu. Shujaa hahitaji mchuzi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Naandika nikiwa ndani ya blanketi, lakini ni kwa baridi.

Nilitoka nyumbani mapema kwa miguu ili nisipande gari moja na shemeji. Nilipofika bwawani watu wakapiga makofi. Kwangu! Daktari akanikumbatia, akaniita kijana wetu jasiri. Kisha akatangaza. Kumbe Ijumaa alikuja kufanya mazoezi, jua likampiga machoni kwenye kona ya mwisho, boti yake mpya akaigongesha kwenye boya mpaka pua ikapasuka. Hapo akanikumbuka. Akawatumia wanachama wote ujumbe: Jumapili tunazunguka kushoto, kwa heshima ya karani wetu, aliyesimama peke yake.

Wote walikuwa wameshahamisha mapezi. Skrubu mbili, bisibisi, basi. Wengine walifanya huku wanakunywa chai.

Shemeji akanisogelea, akaangalia ubao wa Sibabaiki, akasoma KULIA na mshale wake. Uso ukamwiva kwa kicheko alichokibana. Akaninong'oneza kwamba alikuja mlangoni nikamwashia mashine. Kisha, lazima niandike, akatoa bisibisi mfukoni, akasema shemeji, hamisha haraka, nitamwambia Daktari atusubiri. Nikatazama ile gundi. Vichupa vyote viwili. Nikamtazama Daktari, anatabasamu kwa meno yake yote, ananiuliza kama nimefurahi.

Nikasema nimefurahi sana. Nikasema Sibabaiki iko tayari.

Filimbi ikalia. Kwenye mwendo wa kunyooka nilikuwa wa tatu! Watu wananishangilia! Likaja boya la kwanza. Kukata kushoto ni kupinduka, hilo nilijua. Hapo akili yangu ikafanya kazi ambayo haijawahi kufanya. Mtu akitaka kwenda kushoto, si lazima akate kushoto. Anaweza kukata kulia, akaendelea kukata kulia, mpaka atazame kushoto.

Nikafanya hivyo. Sibabaiki ikaanza duara kubwa la kulia, mbali na wenzake, ikapita karibu na matete, ndege wote wakaruka, ikarudi, ikavuka njia yake yenyewe, ikawa imetazama kushoto sawasawa. Safi! Haikupinduka! Boya la pili, duara jingine. Mwamuzi alifungua kitabu cha sheria. Akakifunga. Hakuna kilichokataza.

Watu walikuwa wananyamaza mmoja mmoja. Nilisikia bibi mmoja anamuuliza jirani yake kama boti ile inaumwa. Shemeji alikuwa anaongoza, akageuka kunitazama, akapiga magoti kwa kucheka, rimoti ikamponyoka, boti yake ikaingia kwenye matete na kuzimika. Aliyeshinda ni Kinyozi. Kinyozi! Aliibusu boti yake kwenye pua.

Nilipomaliza, maboya mengine yalikuwa yameshaanza kutolewa majini. Hata shemeji, aliyetembea mpaka matete kuichomoa boti yake na kuirudisha mbioni, alifika kabla yangu. Daktari akaja, akaangalia pezi langu, kisha mdomo wangu. Akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuta jino baya, kijana, tumegeuza bwawa zima kwa ajili yako, hili ni nini? Ningeweza kueleza. Nikamwambia ni mtindo mpya na bado naufanyia utafiti. Nikamwambia mshindi wa kweli ni yule asiyepinduka.

Kinyozi akaniletea jaketi. Akanivalisha mwenyewe, akafunga kamba shingoni kwa ustadi, akalitandaza mabegani, akanipigapiga kidogo kama mteja aliyemaliza kunyolewa. Akaniuliza kama linabana. Nikasema hapana. Lilikuwa linabana.

Njiani, kwenye gari, dada hakucheka. Akasema anaweza kuzungumza na Daktari wanipe kazi ya kupanga viti badala yake. Kasema anajua ninavyoogopa maji tangu utotoni. Shemeji naye kasema ataniombea. Nikawaambia sihitaji kuombewa. Ningekubali ningekuwa nimekiri. Nikae kwenye kiboti? Nitakaa! Wataniona!

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Zamu yangu ya kwanza majini. Niko hai. Wasioamini waje wanitazame.

Kiboti hiki kina kasoro kubwa ya ufundi. Boti ya Daktari ilizimika katikati ya bwawa, nikaagizwa kuifuata. Nikapiga kasia. Kiboti kikazunguka palepale. Nikapiga kwa nguvu zaidi, kikazunguka kwa kasi zaidi. Ufukweni shemeji anapiga kelele, shemeji, tumia makasia yote mawili! Mashauri ya watu waliosimama nchi kavu! Mkono wangu wa pili ulikuwa umeshika ukingo wa kiboti, na haukuwa na mpango wa kuuacha. Lakini hilo halihusiani kabisa. Ningepiga kwa mikono minne kingezunguka vilevile.

Boti ya Daktari ilisukumwa na upepo mpaka kwangu. Nikaiokota. Kazi imefanyika, na wakaniona.

Nilipokanyaga nchi kavu nilikuwa nimeshapata jibu. Kiboti hakina pezi! Mkia hauna cha kushikia maji, ndiyo maana unateleza. Miaka yote watu wamekaa humo wakidhani ni wao wasiojua kupiga kasia. Nikamweleza Daktari. Akasema marufuku mtu yeyote kutoboa kiboti cha klabu. Akairudia, polepole, akiutazama mdomo wangu, akataka niirudie nami. Mtu anayetoboa watu mchana kutwa!

Kinyozi naye kaniomba, kwa heshima ya msimu mzima aliokaa nacho majini, nisitoboe. Shemeji kaficha bisibisi zote. Dada kasema nikitoboa nihame. Wanaogopa mabadiliko, ndivyo walivyo.

Bati ninalo. Gundi nimenunua nyingine. Drili imejaa chaji, iko chini ya kitanda. Kesho asubuhi kabla hawajaamka natoboa, na safari hii hakuna wa kuniuliza kulia wala kushoto: natoboa chini, katikati ya sakafu kabisa. Kisha nitakijaribu mwenyewe mpaka katikati ya bwawa.

Jaketi sitalivaa. Linabana, na watu wasije wakadhani nina wasiwasi.